Barua ya DBS ikikufikia: namna ya kupinga uamuzi wa kukuzuia kufanya kazi na watoto Uingereza

Watu wetu wengi walioko Uingereza wanakula kwa kutunza watoto wa wengine. Wapo kwenye nasari, wapo kwenye shule za watoto wenye ulemavu, wapo kwenye nyumba za makazi ya watoto, wapo wanaosindikiza watoto kwenye basi la shule. Kazi zote hizo zina mlango mmoja: idara ya serikali iitwayo Disclosure and Barring Service, ambayo kila mtu anaiita DBS. Ilianza Desemba 2012 na ina majukumu mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kutoa cheti kinachoonyesha kama una rekodi ya uhalifu. La pili, ambalo ndilo la mwongozo huu, ni kutunza orodha mbili za watu waliozuiwa: moja ya wasioruhusiwa kufanya kazi na watoto, nyingine ya wasioruhusiwa kufanya kazi na watu wazima wanaohitaji uangalizi.

Ukiingizwa kwenye orodha ya watoto, cheti safi ulichokuwa nacho kabatini hakikusaidii tena. Kuitafuta kazi hiyo, kuikubali au kuifanya huku umezuiwa ni kosa la jinai, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 5. Mwajiri anayekuweka kazini akijua naye anashitakiwa.

Nimewatafsiria watu kadhaa barua hizi, wengine tukiwa tumekaa jikoni kwao watoto wamelala. Karibu kila mara nakuta kosa lilelile. Barua ya kwanza inawekwa chini ya godoro kwa hofu au kwa aibu, kisha barua ya pili inapofika mtu anataka kupigana kwa nguvu zote. Wakati huo nusu ya silaha zake zimeshachukuliwa. Nitakueleza ni kwa nini, lakini tuanze na barua yenyewe.

Hatua ya 1: Jua umeshika barua ipi

Barua zinazotisha ni mbili. Ya kwanza inasema DBS inakusudia kukuingiza kwenye orodha na inakupa nafasi ya kujieleza. Hapo bado hujazuiwa. Ya pili inasema uamuzi umeshapita na jina lako limeingia. Zote zina nembo moja na zimejaa maneno yanayofanana, kwa hiyo usimwachie mtoto wako wa shule akusomee haraka haraka.

Soma tarehe. Soma ni orodha ipi, kwa sababu wengine huingizwa kwenye zote mbili na kila moja ina hoja zake. Kisha tafuta sehemu inayoeleza DBS inaamini ulifanya nini hasa. Ipigie mstari kwa kalamu, sentensi kwa sentensi. Kesi yako nzima itasimama au kuanguka kwenye sentensi hizo.

Kuna njia kadhaa za kufika kwenye orodha. Makosa mazito kabisa ya jinai yanakuingiza moja kwa moja, bila kuulizwa. Makosa mengine yanakuingiza, lakini baada ya kupewa nafasi ya kujieleza. Njia inayowakuta watu wetu wengi haina hukumu yoyote ya mahakama: mwajiri alikufukuza au kukuondoa karibu na watoto kwa madai kwamba ulimdhuru mtoto au ulimweka hatarini, kisha akapeleka taarifa DBS. Sheria inamlazimisha kufanya hivyo. Inamlazimisha hata kama uliacha kazi mwenyewe kabla hajakufukuza, kwa hiyo wale wanaoshauri "andika barua ya kuacha kazi, mambo yataisha" wanakupoteza.

Usishangae ikiwa polisi walifunga jalada na DBS bado inakuandikia. Mahakama ya jinai inataka kuridhika pasipo shaka. DBS inauliza swali dogo zaidi: kati ya kutokea na kutotokea, kipi kina uwezekano mkubwa? Mtu anaweza kuachiwa huru na mahakama na bado akazuiwa.

Hatua ya 2: Hesabu siku leo hii

Kwa barua ya kusudio una wiki 8 za kutuma maelezo yako. Kwa barua ya uamuzi una miezi 3 ya kuomba rufaa, tangu siku ilipotumwa. Ziandike tarehe hizo ukutani.

Ukiona wiki 8 hazitoshi, kwa mfano unasubiri nyaraka kutoka kazini au miadi ya wakili, iandikie DBS mapema uombe kuongezewa muda na utaje sababu. Ombi la wiki ya tatu linasikilizwa vizuri kuliko la siku ya mwisho. Na kama ulihama nyumba, barua ya kwanza ikaenda anwani ya zamani na ukajikuta orodhani bila kusema neno, bado unaweza kuomba ruhusa ya kutoa maelezo nje ya muda. Ambatisha uthibitisho wa tarehe uliyohama, kama vile mkataba wa nyumba au barua ya halmashauri.

Hatua ya 3: Usijiongezee tatizo

Usimpigie simu mama wa mtoto kumwomba msamaha au kumwomba aondoe malalamiko. Najua kwetu ndivyo mambo yanavyomalizwa, wazee wanakaa, maneno yanatulizwa. Huko itaandikwa kwamba ulimtisha shahidi. Usiwatumie wafanyakazi wenzako ujumbe wa WhatsApp kuhusu kisa hicho pia. Ujumbe huo unaweza kurudi kwenye jalada lako.

Uamuzi ukishatoka, acha kazi ya watoto mara moja, pamoja na ile isiyo na mshahara. Kufundisha madrasa au shule ya Jumapili kila wiki kunaweza kuhesabiwa kuwa kazi ileile. Kipimo cha sheria ni kufundisha au kutunza watoto mara moja kwa wiki au zaidi, au siku 4 na zaidi ndani ya siku 30, na kukaa nao usiku kunahesabiwa pia. Mwambie imamu au mchungaji kwamba utapumzika kidogo. Si lazima umweleze yote.

Aliye na viza ya kazi ya afya na uangalizi ana jambo la pili la kuangalia. Kazi ikikoma, mwajiri anaarifu idara ya uhamiaji, na kwa kawaida muda wa kukaa hukatwa ukabaki siku 60. Saa hiyo haisubiri DBS wala rufaa. Tafuta ushauri wa uhamiaji pembeni, wiki hiyohiyo.

Hatua ya 4: Kusanya karatasi kabla hazijapotea

DBS haitumi mpelelezi kwenye nasari yenu. Inaamua kwa karatasi, na karatasi hizo nyingi zinatoka kwa mwajiri aliyekufukuza. Kwa barua ya kusudio hutumiwa nakala za ushahidi inaoutegemea. Zisome zote, kisha jiulize ni karatasi gani hazimo.

Hapo ndipo pa kuchimba. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inakupa haki ya kumwomba mwajiri taarifa zote alizo nazo kukuhusu, bure, naye ana mwezi mmoja wa kujibu, ingawa ombi kubwa linaweza kuchukua zaidi. Taja unachotaka kwa majina: ratiba ya zamu ya siku hiyo na siku za jirani, kitabu cha matukio, barua pepe za meneja zinazokutaja, kumbukumbu za kikao cha nidhamu, rekodi za mafunzo yako, idadi ya watoto na watumishi chumbani saa hiyo. Tuseme mtoto alionekana na alama mkononi Jumanne jioni, na barua ya DBS inasema ulikuwa naye mchana kutwa. Ratiba ikionyesha ulitoka saa sita mchana, karatasi hiyo moja ina uzito kuliko barua kumi za kukusifu.

Hatua ya 5: Andika maelezo yako, na uyaandike sasa

Hapa ndipo naomba utulie. Maelezo ya ndani ya wiki 8 ndiyo nafasi yako pana kuliko zote, kwa sababu DBS katika hatua hii inapima mambo mawili: lilitokea nini, na je, inafaa kukuzuia kwa sababu hiyo? Swali la pili linagusa maisha yako yote, yaani miaka uliyofanya kazi bila doa, mafunzo uliyochukua baadaye, hali uliyokuwa nayo siku ile, na namna unavyolielewa kosa. Kwenye rufaa, swali hilo la pili karibu lifungwe kabisa. Anayekaa kimya sasa kwa kufikiri kwamba "nitasema mbele ya jaji" anatupa nusu ya kesi yake.

Jibu kila sentensi uliyoipigia mstari. Hii ni kweli. Hii si kweli, na ushahidi ni huu. Hii ni kweli nusu, ilikuwa hivi. Usiandike hadithi ndefu ya uonevu kazini hata kama ulionewa kweli. Weka yale tu yanayogusa madai, kwa mfano kwamba meneja alikuacha peke yako na watoto wengi kuliko kanuni inavyoruhusu.

Andika kwanza kwa Kiswahili kama ndicho unachofikiria nacho, kisha tafuta mfasiri anayejua kazi. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nimeona neno moja likimgharimu mtu. Chukua "nilimshika". Kwetu unaweza kumshika mtoto asianguke, kumshika mkono mvuke barabara, au kumshika kwa nguvu. Kiingereza kina neno tofauti kwa kila moja ya hizo, na mfasiri wa haraka anaweza kuchagua lile la kukamata kwa hasira. "Nilimpiga" nalo linaweza kuwa kibao kwenye mkono au kipigo cha fimbo. "Nilimgombeza" linaweza kuonekana kama ulimtukana. Eleza kwa kirefu: mkono wangu wa kulia, juu ya kiwiko chake, kwa sekunde chache, kwa sababu alikuwa anakimbilia lango.

Vivyo hivyo na "pole". Mtoto akianguka sisi tunasema pole, hata kama tulikuwa chumba kingine. Ukilisema kwa Kiingereza kwa mama aliyekuja kumchukua mwanawe, linatoka neno lilelile la kuomba radhi, na mtu akiandika ripoti anaweza kuandika kwamba ulikiri. Ukiona kitu kama hicho kwenye jalada, kifafanue. Maafisa wa DBS hawawezi kujua desturi ya lugha yako usipowaambia.

Sasa jambo gumu. Kama ulimchapa mtoto, au ulimfinya, au ulimfungia chumbani ili atulie, usiandike kwamba kwenu watoto hulelewa hivyo. Kuchapa watoto kulipigwa marufuku katika shule za serikali za Uingereza tangu 1987, na katika shule binafsi za England na Wales tangu 1999. Nasari nazo haziruhusiwi kuchapa. Hoja ya "nasi tulichapwa tukakua" inamwambia msomaji kwamba kesho ukichoka utachapa tena. Na tuseme ukweli mbele ya Mungu: mtoto wa miaka 2 asiyeweza kusema kilichompata ndiye sheria hii imewekwa kumlinda, na angekuwa wa kwako ungetaka alindwe vivyo hivyo. Kama ulikosea, sema ulikosea, sema mtoto alijisikiaje kwa unavyoelewa leo, na eleza umefanya nini tangu hapo: kozi ya kulinda watoto, ushauri nasaha, kupunguza zamu za usiku zilizokumaliza. Ushahidi wa mabadiliko ya kweli unapokelewa. Maneno matupu ya majuto yanatambulika.

Barua za watu wanaokufahamu zina nafasi yake hapa. Bora ziwe za waliokuona ukiwa na watoto, meneja wa zamani au mzazi, na ziseme kwamba mwandishi anajua unatuhumiwa nini. Barua ya mchungaji inayosema wewe ni mcha Mungu, bila kugusa tuhuma, haisogezi kitu.

Hatua ya 6: Tafuta mtu wa kukusimamia

Kama uko kwenye chama cha wafanyakazi kama UNISON au GMB, wapigie leo. Kama si mwanachama, msaada wa kisheria unaolipwa na serikali upo kwa kesi za kuingizwa na kuondolewa kwenye orodha hizi kwa wenye kipato kidogo. Muulize wakili waziwazi kama anachukua kesi za aina hiyo kwa msaada huo. Citizens Advice na vituo vya Law Centre wanaweza kukuelekeza. Jihadhari na wale wa mtaani wanaodai "nina mtu wangu DBS". Hana, na fedha yako haitarudi.

Hatua ya 7: Rufaa, na milango yake miwili

Jina likishaingia, rufaa ya England na Wales huenda kwenye baraza liitwalo Upper Tribunal, kitengo cha rufaa za kiutawala. Scotland ina idara yake, Disclosure Scotland, na rufaa zake huenda kwa jaji wa eneo aitwaye Sheriff; huko fuata barua yao, si mwongozo huu.

Fomu ni UT10, na hakuna ada. Unaomba kwanza ruhusa ya kukata rufaa. Ukikataliwa kwa karatasi, una siku 14 za kuomba usikilizwe ana kwa ana kuhusu ruhusa hiyo, na watu wengi hukata tamaa hapo bila sababu. Ukiwa umechelewa kutuma fomu, itume na ueleze kwa nini. Baraza lina uwezo wa kuongeza muda, ingawa halilazimiki.

Sheria ya mwaka 2006 inayoongoza mambo haya imefungua milango miwili tu, katika kifungu chake cha 4. Ama DBS ilikosea kisheria, ama ilikosea katika jambo la hakika ambalo uamuzi ulijengwa juu yake. Kifungu hichohicho kinasema wazi kwamba kama inafaa au haifai kukuweka orodhani si jambo la sheria wala la hakika. Ndiyo maana nilisisitiza barua ya kwanza. Huwezi kusimama pale na kusema "naomba mnihurumie, mimi ni mtu mwema". Unachoweza kusema ni kwamba tukio halikutokea, au halikutokea kama walivyoandika, au DBS haikuangalia ushahidi muhimu uliotumwa, au haikutoa sababu zinazoeleweka, au adhabu haina uwiano kabisa na jambo lenyewe. Hilo la uwiano huhesabiwa kuwa la kisheria, na ndiyo njia nyembamba ambayo maisha yako mema yanaweza kuingilia.

Mlango wa hakika ni mpana kuliko mawakili wengine wanavyodhani. Unaruhusiwa kuleta ushahidi ambao DBS haikuwahi kuuona, na unaweza kutoa ushahidi wa mdomo mwenyewe. Mwaka 2024, katika kesi inayojulikana kwa herufi RI, Mahakama ya Rufaa ilithibitisha kwamba baraza likimsikiliza mtu akikana tuhuma na likamwamini, linaweza kusema DBS ilikosea katika hakika. DBS ilisoma karatasi tu. Baraza linakuona uso kwa uso.

Wakati rufaa inaendelea jina linabaki orodhani. Usirudi kazini kwa sababu tu umepewa ruhusa ya rufaa.

Hatua ya 8: Siku ya kusikilizwa

Mbele yako watakaa jaji na wajumbe wawili wenye ujuzi wa kazi za ulinzi wa watoto au watu wazima. Mkalimani hutolewa na baraza bila malipo. Omba mapema kwenye fomu na useme Kiswahili chako ni cha wapi. Mtu wa Bukavu akiletewa mkalimani wa Mombasa wanaweza kuelewana sokoni na wakapotezana kwenye maswali ya wakili. Kama hamuelewani, inua mkono useme palepale, usingoje iishe. Na hata kama Kiingereza chako ni kizuri cha kazini, chukua mkalimani; maswali ya wakili wa upande wa pili yamejengwa kwa mitego midogo ya maneno.

Jibu swali uliloulizwa. Hukumbuki, sema hukumbuki. Usimtazame mkalimani, watazame wanaokuuliza. Hukumu huchapishwa kwa kawaida kwa herufi badala ya majina. Kama una hofu ya kutambulika, omba amri ya kulinda jina mapema.

Mwisho wake ni mmoja kati ya mitatu. Baraza likiona hakuna kosa, linauthibitisha uamuzi. Likiona kosa, linaiagiza DBS ikutoe orodhani, au linairudishia kesi iamue upya. Likiirudisha, unatolewa orodhani mpaka uamuzi mpya utoke, isipokuwa baraza liseme vinginevyo, na linaweza kuweka wazi mambo ya hakika ambayo DBS itabidi iyafuate. Muulize wakili wako kuhusu hili kabla ya kutoka chumbani, kwa sababu linaamua kama Jumatatu unaweza kuomba kazi au la.

Hatua ya 9: Ukishindwa, au kama muda wa rufaa ulipita

Kuna mapitio, yaani kuiomba DBS iutazame upya uamuzi wake. Ya kawaida husubiri kipindi cha chini kabisa: mwaka 1 kwa aliyezuiwa akiwa chini ya miaka 18, miaka 5 kwa wa miaka 18 hadi 24, na miaka 10 kwa wa miaka 25 na zaidi. DBS haitakukumbusha; unaomba mwenyewe.

Yapo pia mapitio yasiyosubiri miaka. Unaweza kuyaomba wakati wowote ikiwa kuna taarifa ambayo DBS haikuwa nayo ilipoamua, au hali yako imebadilika kwa namna inayogusa uamuzi, au ilifanya kosa. Hukumu ya jinai iliyofutwa baadaye, shahidi aliyebadili maelezo yake kwa maandishi, ripoti ya mwajiri iliyopatikana kwa kuchelewa, vyote vinaweza kufungua mlango huo. DBS ikikataa kukutoa baada ya mapitio, unaweza kwenda tena Upper Tribunal. Kwa hiyo lile faili la karatasi ulilokusanya katika hatua ya 4 lihifadhi mahali pakavu, pamoja na bahasha zenye tarehe zake.